Tunachoidai Tume, tuanze nacho sisi

Hii ni mada niliyoiwasilisha kwenye mafunzo ya vijana wa chama, Dar es Salaam, Juni 2024. Wengi mliomba iwekwe hapa. Nimeiacha kama nilivyoisema, nimeongeza tu amri mbili za kompyuta ambazo siku ile niliziandika ubaoni.

 

Nimeona kwenye ratiba mmeandika "Klasta ya kontena kwenye wingu", halafu pembeni jina langu. Baadhi yenu mmeangaliana. Huyu si yule dada wa sheria? Ndiye. Mwaka wa tatu, na mtihani wa Sheria ya Ushahidi nimeufanya wiki mbili zilizopita. Sijawahi kusomea kompyuta. Kilichonifikisha hapa ni aibu, na naanza na hiyo aibu.

Mwaka jana kulikuwa na uchaguzi mdogo wa udiwani kwenye kata moja, siitaji. Kazi yangu ilikuwa kupokea picha za fomu za matokeo kutoka kwa mawakala wetu. Tulikuwa na seva moja ndogo ya kukodi, aliyoitengeneza kijana mwenzetu kwa kujitolea, bila hata nauli. Saa mbili usiku picha zikaanza kuingia kwa mkupuo. Diski ikajaa, seva ikagoma. Nywila alikuwa nayo yeye peke yake, na yeye alikuwa kwenye basi anatoka Tabora, simu imezima chaji. Tukawaambia mawakala, tumeni WhatsApp. Wakatuma. Zikaingia kwenye makundi matatu tofauti, nyingine mara mbili, nyingine hazisomeki.

Siku nne baadaye wakili wa chama akaniita, mgombea wetu amekaa pembeni. Akaniuliza maswali matatu. Picha hii kaipiga nani? Lini? Na tangu ipigwe, nani ameigusa? Jamani, sikuwa na jibu hata moja. WhatsApp ikibana picha ya kawaida, taarifa za ndani kama saa iliyopigwa zinapotea. Mgombea aliniangalia tu, hakusema neno. Kesi haikufunguliwa.

Sasa niwaeleze yale maswali matatu yanatoka wapi. Tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Kifungu cha 18 kinasema, kwa maneno yangu, ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Hiyo ni habari njema. Lakini mahakama itaangalia jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyosafirishwa, kama njia hiyo inaaminika. Itaangalia uhalisia wake ulilindwaje. Itaangalia mtumaji alitambulikaje. Na itakusaidia kuamini kwamba taarifa ni halisi kama mfumo wa kompyuta ulikuwa unafanya kazi sawasawa muda wote unaohusika. Muda wote unaohusika! Mimi seva yangu ilikuwa imelala saa mbili na nusu usiku wa kuhesabu kura.

Kwa hiyo mtu akikwambia mambo ya seva ni ya watu wa IT, mwambie hapana. Pale ndipo ushahidi unapolala, na utaulizwa ulilalaje.

Twende Kenya kidogo, maana kuna kesi ambayo kila kijana hapa anapaswa kuijua. Uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti 2017. Raila Odinga akaenda Mahakama ya Juu. Tarehe 28 Agosti mahakama ikaiamuru Tume yao ya uchaguzi, IEBC, iwaruhusu walalamikaji kuingia na kusoma tu kwenye seva zake, pamoja na kumbukumbu za nani aliingia na alifanya nini. Tume haikutekeleza amri hiyo ipasavyo. Tarehe 1 Septemba, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake, wanne dhidi ya wawili, wakafuta matokeo. Na kwenye hoja zao mahakama ikasema, kwa lugha ya kwetu ya mtaani: ukiamriwa ufungue kabati ukakataa, turuhusu tuamini waliyosema wenzako kuhusu kilichomo ndani.

Mwaka 2022 IEBC hiyo hiyo ikaweka fomu 34A za vituo kwenye tovuti ya wazi. Vituo 46,229. Mwananchi yeyote mwenye bando alikuwa anapakua na kujumlisha mwenyewe. Safari hii matokeo yalipopingwa, mahakama iliyathibitisha.

Sisi tunaishangilia sana kesi ya 2017. Tunasema, seva zifunguliwe! Sawa. Nami nawauliza: kesho hakimu akituamuru sisi tufungue za kwetu, tunaweza? Tunajua nani ana ufunguo? Tuna kumbukumbu za nani aliingia? Tunachoidai Tume, tuanze nacho sisi. Kama hamtabeba kingine leo, bebeni hicho.

Sasa klasta ni nini? Nendeni bandarini mkaangalie kontena. Ndani kunaweza kuwa na mchele au friji, lakini sanduku ni lile lile, kreni ile ile inalinyanyua, lori lile lile linalibeba. Kontena ya programu ni hivyo hivyo. Unafunga programu yako pamoja na kila kinachoihitaji, halafu inakaa kwenye kompyuta yoyote bila kulalamika. Klasta ni kundi la kompyuta, zinaitwa nodi, zinazobeba hizo kontena kwa pamoja. Anayepanga kontena ipi ikae nodi ipi, ipi imekufa ianzishwe tena, ni programu inaitwa Kubernetes. Ilitoka Google mwaka 2014, iko wazi kwa kila mtu, na jina lake ni Kigiriki, maana yake mshika usukani. Sisi wa pwani tunasema nahodha.

Na "inayosimamiwa" maana yake nini? Nahodha mwenyewe anahitaji kutunzwa. Ukimweka mwenyewe, ukeshe naye. Kampuni kubwa za wingu zinakutunzia: Google wanaita GKE, Amazon wanaita EKS, Microsoft wanaita AKS. Wao wanamlisha nahodha. Lakini mzigo ni wa kwako, funguo za kwako, makosa ya kuruhusu watu wasiohusika ni ya kwako. Wengi wanachemka hapo. Wanafikiri wakilipa, kila kitu kinalindwa.

Kuna atakayeuliza, dada, kwa kata moja tunahitaji mambo yote haya? Hapana. Kwa kata moja seva moja nzuri, yenye nakala rudufu na watu wawili wenye ufunguo, inatosha. Klasta ina maana pale majimbo mengi yanapotuma usiku mmoja, saa zile zile. Tusinunue basi kwenda dukani.

Haya, tuijenge. Mimi nilijifunzia GKE, kwa hiyo naeleza hiyo.

Hatua ya kwanza haina kompyuta kabisa. Ni kikao. Akaunti inafunguliwa kwa barua pepe ya taasisi, si ya mtu. Wamiliki wawili, si mmoja, si saba. Kila mmoja awe na uthibitisho wa hatua mbili. Majina yao yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao na usainiwe. Muhtasari huo ndio utakaomjibu wakili.

Pili, malipo. Wanataka kadi. Ukishaiweka, weka bajeti na tahadhari. Na hapa sikilizeni vizuri: ile bajeti inakutumia barua pepe tu, haizuii matumizi. Ukilala, inaendelea kula. Nilipokuwa najifunza nilitengeneza klasta kwa njia ya kawaida, nikaandika nodi 1. Zikaja 3. Nikashtuka, nikadhani nimeibiwa. Kumbe nilichagua klasta ya ukanda mzima, na namba unayoandika ni ya kila kituo cha ukanda, na vituo ni vitatu. Ningeacha bila kuandika kitu, chaguo lao la kawaida ni 3 kwa kila kituo, yaani 9. Kwa kadi ya mwanafunzi! Ada ya kumtunza nahodha ni senti 10 za dola kwa saa, na kila mwezi wanakupa punguzo la dola 74.40 ambalo linatosha klasta moja ya Autopilot. Kinachouma ni nodi, diski na njia za kuingilia, hizo unalipa.

Tatu, mahali. Unachagua data yako ikae wapi. Google walifungua ukanda wa Johannesburg Januari 2024, unaitwa africa-south1. Amazon wako Cape Town tangu 2020. Johannesburg ni karibu zaidi na sisi kuliko Ulaya, lakini bado ni nje ya nchi. Na sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kupeleka taarifa nje ya mipaka kuna masharti yake. Mtazamo wa kisiasa wa mtu ni taarifa nyeti. Fikirini orodha ya mawakala wetu: jina, simu, kijiji, na kwamba ni mwanachama wa upinzani. Ikivuja, kuna mwalimu atahamishwa kituo, kuna mama atanyimwa kibanda sokoni. Kwa hiyo orodha ya majina haiingii kwenye klasta. Wakala anaingia kwa namba. Kitabu cha namba na majina kinakaa kwa katibu, kwenye kabati, na kinasajiliwa kisheria. Tukiwadai wao wafuate sheria, na sisi tuifuate hata pale inapotuchosha.

Nne, aina. Kuna njia mbili. Ya kawaida, unasimamia nodi mwenyewe. Na Autopilot, Google wanasimamia nodi, wewe unalipia kile ambacho kontena zako zimeomba. Kwa watu wa kujitolea kama sisi, chukueni Autopilot. Amri ni hii:

gcloud container clusters create-auto matokeo --region=africa-south1

Unasubiri dakika kadhaa, unakunywa chai. Halafu unachukua ruhusa ya kuongea nayo:

gcloud container clusters get-credentials matokeo --region=africa-south1

Basi, una klasta. Wengi wanaishia hapo wanapiga picha ya skrini. Kazi inaanzia hapo.

Tano, milango. Mlango wa kuongea na nahodha usiwe wazi kwa dunia nzima, taja anwani za mtandao zinazoruhusiwa. Kila mtu apewe ruhusa ya kazi yake tu. Anayehakiki fomu anasoma, hafuti. Anayerekebisha programu hagusi picha. Msimpe kila mtu ruhusa zote eti kwa sababu tunaaminiana. Kuaminiana ni kuzuri, lakini hakimu hakuoni moyoni. Na lingine: kuna sehemu ya kuhifadhia nywila za programu, wanaiita Secret. Ukiifungua unaona herufi zisizoeleweka, unadhani imefichwa. Haijafichwa, imeandikwa tu kwa mtindo mwingine, mtoto wa sekondari anaigeuza. Kinachoilinda ni ruhusa ulizoweka.

Sita, na hii ndiyo roho ya mambo yote: picha isikae ndani ya kontena. Kontena ikifa, nahodha analeta nyingine mpya, tupu. Ndiyo kazi yake. Kilichokuwa ndani kimekwenda. Picha iende kwenye ghala la mafaili lililo nje ya klasta, wao wanaliita baketi. Pale washa mambo mawili. Washa matoleo, ili faili likibadilishwa la zamani libaki. Na weka muda wa kutunza, ili ndani ya muda huo faili lisifutike. Muda huo ukiufunga kwa kufuli, hakuna mtu anayeweza tena kuupunguza, hata mwenyekiti akiamuru, kwa hiyo fikirini kabla. Na programu ikipokea picha tu, sekunde ile ile, itengeneze heshi. Heshi ni mfuatano wa herufi na namba unaotokana na faili zima. Badilisha nukta moja kwenye picha, heshi inakuwa nyingine kabisa. Ile heshi inarudishwa kwa wakala kwa ujumbe mfupi, naye anainakili kwenye daftari lake. Sasa ukiulizwa nani ameigusa, unajibu: pigeni heshi tena, mlinganishe na daftari la mama yule.

Saba, kumbukumbu za matukio. Hapa mimi kama mtu wa sheria nilikaribia kulia. Google wanaandika kila badiliko la kiutawala, na hizo zinakaa siku 400, huwezi kuzizima. Lakini kumbukumbu za nani amesoma data, kwenye huduma nyingi zimezimwa mpaka uziwashe mwenyewe. Na ukiziwasha, kwa kawaida zinakaa siku 30 tu. Siku 30! Kesi ya uchaguzi haiishi kwa siku 30. Ziwasheni mapema, na ongezeni muda. Ukisahau hili leo, utakuja kusema mahakamani "nakumbuka". Mahakama haitaki unachokumbuka.

Nane, mazoezi. Weka kontena tatu za kupokea picha, si moja, na ruhusu ziongezeke mzigo ukizidi. Halafu ua moja makusudi, uone kama wakala anahisi. Muombe mmiliki mmoja azime simu siku nzima, uone kama wa pili anaweza. Zoezi hilo la pili halihitaji dola hata moja, na ndilo tuliloanguka mwaka jana.

Naomba niseme mawili ya mwisho, kwa uzito.

La kwanza, mipaka yetu. Sisi hatutangazi matokeo. Tume ndiyo inatangaza. Sisi tunahifadhi nakala zetu. Asitokee mtu akachukua jumla kutoka kwenye klasta saa nne usiku akaiposti kama mshindi. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo, na wewe utakuwa umeichoma kazi ya wote kwa likes. Pia mnajua Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu: mgombea urais akishatangazwa na Tume, hakuna mahakama itakayochunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, ilisema Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Bado ipo. Lakini ubunge na udiwani mlango wa mahakama uko wazi, na ushahidi wa pale ni fomu za vituo.

La pili, karatasi. Kuna ndugu ameniuliza kabla sijapanda hapa: na intaneti ikibanwa? Oktoba 2020 mitandao ilibanwa, wote tulikuwepo. Jibu langu ni kwamba klasta haitakusaidia chochote usiku huo. Johannesburg iko hai, wewe huna njia ya kufika. Ndiyo maana programu ya simu itunze picha na saa yake, itume ikipata mtandao hata siku tatu baadaye. Na ndiyo maana fomu ya karatasi yenye saini inabaki kuwa mfalme. Wakala asiondoke kituoni bila nakala yake. Klasta ni mtumishi wa ile karatasi. Tukisahau hilo tutakuwa na mfumo wa kisasa uliojaa hewa.

Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tunafanya zoezi. Nahitaji watu 40 wenye simu za kawaida, si za bei mbaya, kutoka Temeke, Kinondoni, Ilala na popote. Tutapiga picha za fomu za mfano, tutazituma kwa pamoja, na katikati tutazima sehemu ya mfumo bila kuwaambia ni saa ngapi. Baadaye wakili wetu, yule yule wa mwaka jana, atachagua picha moja na kuuliza maswali yake matatu. Nimemwomba asinionee huruma.

 Mapambano yaendelee.